Tumbo Lililokuwa Saa ya Shule

Kwa miaka kumi na tisa shule yetu iliendeshwa na tumbo la mjomba wangu. Sisemi hivi kwa kumvunjia heshima, ingawa Mama anadai mimi hata nikiamkia watu huwa nawavunjia heshima. Nasema hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wanafunzi mia nane waliingia darasani, wakatoka, wakala, wakarudi, wakafanya mitihani na kwenda kwao kwa amri ya tumbo moja, na tumbo lenyewe halikuwahi kuhudhuria hata kikao kimoja cha walimu.

Kwenye barua ya ajira Mjomba ni mhudumu. Maana yake anafungua madarasa asubuhi, anafagia baraza, anagawa chaki na kufukuza mbuzi wa majirani wanaokuja kula maua ya Mwalimu Mkuu. Lakini kazi anayoitambua yeye ni moja tu, kengele. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo kwenye boriti, kati ya darasa letu na stoo, na inapigwa kwa kipande cha nondo. Mimi nakaa dirishani, hatua kama sita kutoka hapo. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Yaliyobaki nilisimuliwa na Mjomba, au niliyachimba kwa kuuliza maswali mpaka watu wakachoka na mimi.

Saa alikuwa nayo. Alipotimiza miaka kumi kazini shule ilimzawadia saa ya mkononi yenye mkanda wa ngozi, mbele ya wazazi wote, na mwalimu mkuu wa wakati ule akajaribu kumfunga. Mkanda ukaishia njiani. Wakavuta huku, wakavuta kule, mkono wa Mjomba ukabaki kama mto wa kulalia uliofungwa kamba ya kiatu. Wazazi wakacheka, Mjomba akacheka kuwashinda, kisha akaipeleka saa nyumbani akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Tangu siku hiyo akatangaza kwamba saa ni za watu wembamba.

Hakuihitaji, kweli. Ilipokaribia saa nne na robo, tumbo lake lilianza kuguna kidogo, kama pikipiki inayopita barabara ya pili. Mjomba akaweka fagio chini. Saa nne na nusu kamili likanguruma mguno mmoja mrefu wa kukata shauri, na yeye akainua nondo. Mapumziko. Saa saba ilikuwa na mngurumo wake, mzito zaidi, na saa kumi ya kwenda nyumbani ilikuja na kitu kama kilio. Mwalimu wa kompyuta aliwahi kumpima kwa siku tano mfululizo akiwa na simu mkononi. Tofauti kubwa aliyoipata ilikuwa dakika moja, na siku hiyo mwalimu wa historia alisema ni simu iliyokosea.

Tatizo ni kwamba tumbo lenye kazi nzuri kiasi hicho lilikuwa linataka mshahara wake. Mjomba alifika kilo mia moja hamsini na nane. Chai aliitia sukari vijiko saba, na kijiko cha nane alikilamba ili kisiende kuoshwa kikiwa kitamu. Akikaa kwenye kiti cha plastiki, alikaa kwenye viwili vilivyopachikana. Kisha sukari ikapanda damuni, ikapanda hasa, akaanza kujidunga sindano asubuhi na jioni. Magoti yakagoma. Akilala mchana stoo, alikoroma mpaka tukamhesabia, na katikati ya mkoromo alinyamaza kabisa, hapumui, darasa zima tunatazamana, kisha anaibuka kama mtu aliyetoka chini ya maji. Sisi tulicheka. Daktari alipoambiwa hakucheka. Alimwambia Mama kwamba siku moja kaka yake atanyamaza na hataibuka.

Ndipo likaja neno la kukatwa tumbo. Mjomba alijaribu dayati mara tatu kabla ya hapo na kila mara alirudi na kilo alizoziacha, tena na marafiki zao. Bima ya kazi ikakubali, hospitali ya rufaa ikampa tarehe, na likizo ya mwisho wa mwaka akaingia chumba cha upasuaji akiwa anatania wauguzi kwamba wakikuta humo ndani kijiko chochote ni cha dada yake.

Nilikwenda na Mama kumtazama. Nilitegemea kuona jeraha la kutisha, nikaona vidonda vitano vidogo kama vya kudonolewa na kuku. Nesi wa lishe, mwanamke mwembamba mwenye kalamu tatu kifuani, alikuja kutueleza, na kwa kuwa Mjomba alikuwa amesinzia na Mama alikuwa analia, maelezo yote yakanifikia mimi. Alisema wameondoa kama robo tatu ya tumbo. Lililobaki limesimama wima, jembamba, mfano wa ndizi. Watu wengi wanafikiri hiyo ndiyo siri yenyewe, kwamba tumbo likiwa dogo linajaa upesi basi. Lakini kile kipande cha juu kilichotolewa, alisema, ndicho kiwanda kikubwa cha homoni ya njaa. Na homoni hiyo ina tabia moja. Inajifunza ratiba. Ukizoea kula saa saba kila siku, inaanza kupanda damuni kabla ya saa saba, hata kama hujaona chakula wala kunusa.



"Kwa hiyo mmeitoa saa ya shule," nikamwambia. "Mmeitupa wapi?"

Mama akanifinya. Nesi akanitazama kama anayejiuliza nani aliyeniruhusu kuingia wodini.

Nilikuwa nasema kweli tupu, na mtu wa kwanza kuligundua hilo alikuwa Mjomba mwenyewe, ingawa alikaa nalo moyoni. Kwanza kulikuwa na maajabu. Siku ya tano baada ya upasuaji, kabla hajapungua hata kilo za kuonekana, sukari yake ilikuwa imeshuka mpaka daktari akamsimamishia sindano. Nikamtafuta nesi kwa simu ya Mama kuuliza inawezekanaje sukari ishuke na mtu bado ni yuleyule. Akasema kwanza anakula kidogo mno, na pili, chakula sasa kinapita upesi kwenda kwenye utumbo, na utumbo ukikipokea kwa haraka namna hiyo unatuma ujumbe mwingi: kwenye kongosho, kwamba fanya kazi, na kwenye ubongo, kwamba tumeshiba huku, funga mdomo. Nikaona kumbe ndani ya mtu mna ofisi nzima inayoandikiana barua na mwenyewe hana habari.

Kisha yakaja ya kuchekesha. Chai ya kijiko kimoja cha sukari alisema inamkera meno. Nywele zilimdondoka mwezi wa tatu, akawa anazikusanya kwenye chanuo na kuzitazama kama mtu anayehesabu wasaliti. Alisikia baridi saa sita mchana, anafagia uwanja wa jua kali amevaa sweta. Na alipungua. Alipungua mpaka mbuzi wakaacha kumwogopa.

Lakini njaa haikuja. Mjomba aliniambia baadaye kwamba asubuhi ya kwanza aliporudi kazini alisimama chini ya rimu akiwa na nondo mkononi, akalisikiliza tumbo, akasikia kimya. Akabonyeza kidogo kwa kidole. Kimya. Ilikuwa, alisema, kama kumpigia simu rafiki wa miaka yote na kuambiwa namba haipo.

Wiki hiyo mapumziko yalikuja yanavyotaka. Jumatatu tulitoka saa tano kasoro. Jumanne hatukutoka kabisa, mpaka mwalimu wa Kiswahili akaishiwa maneno. Jumatano akili ikamjia, akaanza kupiga kengele kwa kutazama kivuli cha nguzo ya bendera, na hilo lilikwenda vizuri siku mbili, mpaka mawingu. Wanafunzi wakamwita Betri. Nikipita wananiuliza mjomba wako kachajiwa leo? Nikawajibu watunze midomo yao, ila kimoyomoyo nilijua wana hoja.

Mama alimsihi avae saa. Ipo kwenye kopo, alimwambia, na mkono wako sasa si ule. Mjomba akakataa. Alisema kengele ya kupigwa kwa kutazama saa hata mtoto wa chekechea anaweza, kwamba kwa miaka kumi na tisa watu hawakuwa wanamheshimu kwa kujua kusoma namba kumi na mbili. Tumbo litarudi, alisema, limekasirika tu kwa kukatwa, mpe muda. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Kitu kile ndicho kilichomfanya awe mtu fulani pale shuleni, vinginevyo ni mzee wa fagio, na wazee wa fagio hakuna anayewapima kwa simu siku tano.

Mambo yakaharibika siku ya mtihani wa majaribio wa hesabu.

Mtihani ulianza saa mbili, uishe saa nne na nusu. Mitihani kwetu ina sheria zake: wasimamizi wanaacha simu ofisini, saa za mkononi hatuingii nazo, wao wala sisi, na madarasa hayana saa za ukutani kwa sababu hakuna aliyewahi kuona sababu ya kuzinunua. Kengele ndiyo sheria. Ikilia, kalamu chini. Nilikuwa kwenye swali la kumi na tatu kati ya kumi na sita, na nilikuwa naenda vizuri kwa kipimo changu, niliponyanyua kichwa nikamwona Mjomba dirishani.

Alikuwa amesimama na mkono tumboni. Uso wake ulikuwa umefunguka. Sijui niuelezeje. Kama mtu aliyemwona ndugu yake kwenye umati wa watu. Akalitazama tumbo, akaitazama rimu, akalitazama tumbo tena, akaokota nondo, akapiga. Hakuwahi kuipiga vile. Aliipiga kwa furaha.

Wasimamizi wakakusanya karatasi. Watu mia moja na kumi tukatoka nje, wengine wakilalamika kwamba mtihani ulikuwa mrefu kupita kiasi, na mwalimu wa kompyuta akatoka ofisini na simu yake akauliza tunafanya nini uwanjani saa nne na dakika tano.

Dakika ishirini na tano. Maswali matatu ya hesabu. Kusema ukweli la kumi na sita nisingeliweza hata ningepewa mpaka Ijumaa, lakini Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa kufarijiwa na hilo. Mwalimu Mkuu wetu ni mwanamama anayependa ratiba kuliko watu wengine wanavyopenda wajukuu. Ofisini kwake mna ratiba ya vipindi, ratiba ya usafi, ratiba ya vikao, na ratiba inayoonyesha lini ratiba nyingine zibadilishwe. Alimwita Mjomba. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa nimetumwa kupeleka daftari la mahudhurio, kwa hiyo nilisimama pale nikalipeleka taratibu sana.

"Mzee, kwa nini umepiga?" aliuliza.

"Njaa imerudi, Mwalimu," Mjomba akasema, na uso ule bado haujafifia. "Imerudi yenyewe. Niliisikia hapa, inachoma."

Mwalimu Mkuu alivua miwani. Alisema mtihani utarudiwa, barua itaandikwa, na mwisho wa muhula rimu itashushwa. Mwalimu wa kompyuta alikwishaleta boksi la king'ora cha umeme ambacho unakipangia saa mara moja tu, nacho kinalia chenyewe mwaka mzima bila kuomba likizo. Mjomba ataendelea na fagio.

Mjomba alisema asante, nikashangaa asante ya nini.

Na ile njaa wala haikuwa njaa. Jioni Mama alimpigia nesi, akaweka spika kwa sababu mimi nilikataa kutoka chumbani. Nesi akauliza, ilikuwa inachoma? Juu, karibu na kifua? Baada ya kahawa? Mjomba akakiri kahawa. Basi hicho ni kiungulia, akasema nesi. Tumbo likifanywa jembamba hivi, asidi inapanda kwa urahisi, na watu wengi wanaichukulia kuwa ni njaa. Akampa dawa ya kumeza na kipimo cha nyumbani: ukihisi kitu, kunywa maji mafundo mawili, subiri. Kinachoendelea kuchoma si njaa.

Kwa hiyo mjomba wangu alikatisha mtihani wa taifa letu dogo kwa kiungulia. Nilikwenda kucheka chooni ili asinione. Nilipotoka nilimkuta amekaa kitandani, amevaa sweta, viganja juu ya magoti, na kicheko kikaniishia chenyewe.

Siku iliyofuata alianguka. Ilikuwa wakati wa gwaride la asubuhi. Alipiga kengele mara mbili, ya tatu nondo ikapita pembeni ya rimu, naye akaifuata mpaka chini. Tulidhani amekufa. Mwalimu Mkuu ndiye aliyefika wa kwanza, na viatu vyake vyenye visigino, akampakata kichwa akamuuliza amekula nini. Mjomba akafikiri. Akasema jana asubuhi alikula yai. Au juzi. Hakuwa anafunga, hakuwa anajinyima, hakuwa na huzuni wala nini. Alikuwa amesahau. Maisha yake yote hakuwahi kuhitaji kukumbuka kula, kama vile hakuna mtu anayekumbuka kupumua, na alipokosa wa kumkumbusha, siku nzima ilipita hivi hivi.

Hospitalini nesi alimkemea kama mtoto. Akamwambia njaa ilikuwa mtumishi wako, mtumishi ameondoka, kazi yake uifanye mwenyewe. Kula kwa saa. Mara tano kwa siku, kidogo kidogo, yai au maharage au samaki kwanza, maji katikati na si pamoja na chakula, usikie njaa usisikie. Tena akaeleza jambo lililonikaa kichwani: mwili uliopungua haraka hauna imani nawe. Unadhani nje kuna ukame. Unabana matumizi, unachoma kidogo kuliko mtu mwingine mwenye uzito huohuo, ndiyo maana anasikia baridi. Ukikisahau chakula siku nzima hausemi asante, unazidi kuwa bahili, unakula hata misuli. Akamwandikia kikaratasi: saa moja na nusu, saa nne, saa saba, saa kumi, saa moja jioni.

Mjomba alikisoma njia nzima kwenye gari la kurudi. Tulipofika nyumbani akaomba kopo la maziwa ya unga.

Saa ilikuwa imesimama, lakini betri mpya ikaiamsha. Mama akamfunga. Mkanda uliokuwa haufiki ukazunguka mkono, ukafika, ukapita, ikabidi Mama atoboe tundu jingine kwa msumari. Mjomba akaugeuza mkono huku na huku. Akasema inakera ngozi. Nikamwambia saa ni za watu wembamba, Mjomba. Akanitupia kandambili, ikanikosa.

Asubuhi yake aliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu bila kuitwa. Alinihadithia mara nyingi, na kila mara maneno ni yaleyale, kwa hiyo nayaamini. Aliweka kikaratasi cha nesi juu ya meza. Akasema, "Mwalimu, mimi nikipewa saa tu, nitaitazama siku mbili, ya tatu nitasahau kuwa ninayo. Najijua. Lakini kengele sijawahi kuisahau. Nikipiga, nitakula. Nisipopiga, sili."

Mwalimu Mkuu alikichukua kikaratasi. Akakilinganisha na ratiba ya vipindi ukutani. Saa moja na nusu, gwaride. Saa saba, chakula. Saa kumi, kuondoka. Akafika kwenye saa nne, akakunja uso. Akachukua kalamu nyekundu, akakata saa nne ya nesi akaandika saa nne na nusu, akatia sahihi, akapiga mhuri wa shule. Kisha akasema kwamba saa moja jioni si saa ya kazi, hiyo dada yake ataisimamia. King'ora kitakaa kwenye boksi kwa muda. Lakini Mzee akikosea tena, hata dakika mbili, hata kwa kiungulia, hata kwa malaika, rimu inashuka siku hiyohiyo. Nesi alipoonyeshwa ule mhuri alicheka, akasema nusu saa haimwui mtu.

Tangu hapo kikaratasi kilibandikwa ubaoni pembeni ya ratiba ya vipindi, na shule nzima ikawa inajua mjomba wangu anakula saa ngapi. Kengele ikilia, anaweka nondo, anafungua kikopo chake cha chakula, anatafuna polepole kama mwanasheria anayesoma mkataba. Kuna wanafunzi wa kidato cha kwanza walioamini kwamba ndivyo kengele zote zinavyopigwa, kwamba baada yake lazima mtu ale yai. Mwalimu wa kompyuta alimpima tena kimyakimya wiki nzima. Alikuwa na hamu na boksi lake, simlaumu. Hakupata kitu. Na Mjomba akapungua akafika kilo tisini na sita, akakaa hapohapo, mwili ukagoma kushuka zaidi. Nesi akasema unajitetea, uache. Magoti yaliacha kulalamika. Stoo alikoroma kama watu wengine.

Nilimuuliza mara moja kama anaikosa njaa. Alisema watu wanamhurumia kwa kukosa chakula, na si chakula anachokikosa. Anakosa kutaka. Zamani kila siku ilikuwa na kitu mbele yake cha kukimbilia, hata kama ni mkate tu. Sasa siku imelala sawasawa kama sakafu. Kisha akaniambia nikafanye kazi ya nyumbani.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumanne, tulikuwa na kipindi cha jiografia. Mwalimu alikuwa anachora mto ubaoni. Nje, Mjomba alikuwa anapanga mafagio stoo na mlango ulikuwa wazi, na nikaisikia. Nilidhani ni pikipiki ya barabara ya pili. Kisha ikaja tena, fupi, yenye mkwaruzo, kama injini iliyokaa sana bila kuwashwa.

Mjomba alisimama tuli. Fagio moja likaanguka. Akatoka nje taratibu, mkono tumboni, akafika chini ya rimu, na mkono wa pili ukaokota nondo wenyewe. Niliuona. Hakuutuma. Mkono wa miaka kumi na tisa, tumbo limesema, wenyewe ukapanda juu. Upande wa pili wa uwanja Mwalimu Mkuu alikuwa anakagua maua yake yaliyoliwa, na mwalimu wa kompyuta alikuwa barazani na simu.

Nondo ikasimama hewani. Mjomba akageuza shingo akatazama mkono, si wa nondo, ule mwingine, wenye saa. Alikaa hivyo muda mrefu. Akashusha nondo. Akaenda kwenye ndoo, akachota maji, akanywa mafundo mawili, akasubiri na kichwa ameinamisha, kama mtu aliyebandika sikio mlangoni. Maji yakashuka, na hakuna kilichoendelea kuchoma. Tumbo likaguna tena.

Akacheka peke yake. Akaingiza nondo kwapani, akavuta kiti chake, kimoja, akakaa akiitazama saa. Sikujifunza chochote kuhusu mito siku hiyo. Nilimkumbuka nesi, aliyewatahadharisha Mama na Mjomba kwamba njaa inaweza kurudi kiasi, kwa sababu hakiondolewi kiwanda chote, na mwili bahili hautaki kubaki umepungua. Mama alikuwa anaiombea isirudi. Mjomba, nadhani, alikuwa anaiombea irudi, na sasa imekuja na kumpata na kazi mkononi.

Dakika zikaenda. Alisimama, akavuta pumzi, akapiga. Ngo, ngo, ngo, kwa mpangilio wake ule wa siku zote. Mwalimu wa kompyuta akaitazama simu, akairudisha mfukoni. Saa nne na nusu.

Nilikuwa wa kwanza kutoka. Nilimkuta amefungua kikopo, ameshika nusu ya yai, na machoni ana maji ambayo alisema ni ya vumbi la stoo.

"Mjomba, limerudi?"

"Limerudi," akasema. "Ila limewahi dakika ishirini na mbili." Akalipiga tumbo kofi dogo, la kirafiki. "Litakaa foleni kama wenzake."